Chupa ni Nzima

Juzi tumemzika Nesi Mkubwa. Nasema tumemzika, lakini ukweli ni kwamba nilifika Ngara jeneza limeshatolewa nje, nikasimama nyuma kabisa pamoja na wachelewaji wenzangu, viatu vimeganda udongo mwekundu, miwani imeingia ukungu hadi watu wote mbele yangu wakawa vivuli tu vinavyoimba. Manyunyu yalikuwa yanashuka kutoka upande wa Burundi bila haraka yoyote. Mwenye kipaza sauti akasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akaolewa, akafanya kazi ya uuguzi na ukunga katika wilaya za Ngara na Biharamulo, akastaafu, akaugua. Basi! Kazi yote ya mikono yake, mstari mmoja, halafu tukatangaziwa utaratibu wa chakula. Nilikasirika mpaka nikaguna kwa sauti, mama mmoja akageuka kunitazama. Lakini nilipokuwa kwenye gari la kurudi, nimeegemeza kichwa kwenye kioo na vilima vinapita kimoja baada ya kingine, nikajiuliza: haya, Masanja, wewe ungeandika nini? Dafroza, maana ndilo jina lake, hakuwa daktari, na aliyemwita daktari alimsahihisha palepale. Nesi wa kawaida pia hakuwa, hilo hata wachungaji wa ng'ombe wa Kaniha walilijua. Alikuwa katikati, mahali ambapo Kiswahili chetu cha ofisini hakina jina lake mpaka leo. Wagonjwa ndio waliompa cheo kisichokuwa kwenye karatasi yoyote, Nesi Mkubwa, na sisi watumishi tukakirithi kutoka kwao.

Mwaka ninaoukumbuka ni mmoja tu, mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilikuwa na cheti kipya cha utabibu, koti jeupe lenye mikunjo ya dukani, na kiburi ambacho nikikikumbuka sasa najicheka peke yangu. Kituo chetu kilikuwa upande wa Nyamahanga, na jina lake sitalitaja kwa sababu wanaofanya kazi pale leo hawana kosa lolote. Majengo matatu ya chokaa, uzio wa minyaa, kisima cha pampu kinacholia mtu akikikaribia tu. Nyumba ya watumishi ilikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta usiofika juu, kwa hiyo upande wangu nilikuwa na kitanda cha kamba, meza na kalenda ya mwaka uliopita, na juu ya ukuta ilikuwa inapita harufu ya maharage ya Dafroza, kikohozi cha Dafroza, na sala za Dafroza kwa Kihangaza. Alfajiri ukungu ulikuwa unaingia dirishani na kukaa chumbani kwa raha zake. Nilikuwa naamka sijui kama nimeamka. Nilikuwa nasikia nyayo zake zikienda wodini na kurudi, ndoo ikiwekwa chini, mtoto mchanga analia mbali, na kwa dakika kadhaa nilikuwa naamini kwamba bado niko bwenini chuoni na haya yote naota.

Jumapili asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, alikuwa anasoma. Mara ya kwanza nilidhani ni Biblia. Nikatega sikio, na kilichopita juu ya ukuta kilikuwa hiki: "Kutoa kondo la nyuma kwa mkono, endapo damu haikatiki. Kushona michaniko ya njia ya uzazi. Kumvuta mtoto kwa mashine, endapo kichwa kimeshuka vya kutosha." Ilikuwa barua ya mganga mkuu wa wilaya wa wakati ule, iliyoorodhesha mambo ambayo yeye, nesi mkunga mwenye uzoefu wake na mafunzo yake ya ziada, aliruhusiwa kuyafanya ingawa wenzake wa cheo kilekile hawakuruhusiwa. Aliitunza kwenye bahasha ndani ya mfuko wa nailoni. Siku moja nikamtania nikiwa upande wangu wa ukuta: "Mama, shikamoo. Miaka yote hiyo barua hiyo haijakuingia kichwani?" Akajibu bila kuinua sauti: "Marahaba. Ninaijua yote. Naisoma nione inapoishia." Nikacheka. Nilikuwa kijana, nilidhani barua za namna ile watu huzisoma ili waone zinapoanzia.

Jioni, jua likiwa bado halijazama, tulikuwa tunakula pamoja nje ya jiko. Yeye alipika ndizi na maharage, au muhogo na dagaa, na msimu wa senene alikuwa anazikaanga mpaka watoto wa jirani wanakuja wenyewe na visahani. Mimi nilichangia mtindi ambao Wasukuma wenzangu waliohamia Kaniha na mifugo yao walikuwa wananiletea kwa kibuyu. "Ninyi Wasukuma," alikuwa ananiambia, "mtu akiwapa mbingu mtauliza malisho yako upande gani." Nami namwambia Wahangaza wanaweza kumaliza mkungu mzima wa ndizi wakisubiri chakula. Akishiba alikuwa anasimulia kambi ya Lukole. Alikuwa ameajiriwa kambini enzi wakimbizi ni wengi kuliko miti, watoto wanazaliwa kwa foleni, na madaktari waliotoka nchi za mbali wakamwona ana mkono, wakamfundisha yale ambayo vyuo vyetu vilikuwa vinawafundisha wengine. Alisimulia polepole, macho yake kwenye makaa, kana kwamba anasoma majina ya watu mmoja mmoja. Hakujisifu. Akimtaja mama aliyempoteza alikuwa anasema alivaa nini.

Mbele ya wagonjwa aliniita Daktari. Jikoni aliniita Masanja. Kwenye karatasi mimi ndiye niliyekuwa juu yake, maana mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, alikuwa mtu wa semina, wiki yuko, wiki hayuko, na asipokuwepo nilikaimu mimi. Kliniki ya wajawazito aliiendesha yeye kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kuniuliza, na sikuwa na la kumwongezea. Lakini kulikuwa na mara ambazo alikuwa anainuka kutoka kwa mgonjwa, ananawa mikono, na kusema kwa utulivu, "Huyu si wangu," na hapo alikuwa ameshaanza kuandika barua ya rufaa. Siku moja nikiwa chumba cha dawa niliwasikia kina mama wawili kwenye benchi chini ya dirisha. Mmoja aliuliza leo yupo nani. Mwenzake akamjibu: "Yupo yule mdogo, daktari wa karatasi. Tukae, Nesi Mkubwa atarudi." Wakakaa! Wakatoa karanga wakaanza kumenya. Iliniuma, nakwambia, iliniuma kuliko nilivyotaka mtu ajue. Kuanzia siku ile nikaapa kwamba nitawahudumia wagonjwa wengi iwezekanavyo kabla Dafroza hajarudi kutoka popote alipokwenda.

Ndivyo nilivyokuwa asubuhi aliyokuja Esperansi. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, Dafroza alikuwa amekwenda Kaniha kuchanja watoto, mfawidhi yuko semina. Esperansi alikuwa msichana wa miaka kama ishirini, mimba ya kwanza, wa familia iliyotoka Burundi na kubaki kulima hapa. Alikuja na mama mkwe wake, mwanamke mrefu aliyefunga kitenge cha kijani, ambaye watu walimwita Mama Nyandwi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, cha kuuza na kununua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akitazama chini, akaketi kwenye kiti kilichokuwa palepale miguuni pa kitanda cha kupimia. Hakuonyesha dalili ya kutoka. Nami sikuwa na ujasiri wa kumtoa. Nilijua ninachotakiwa kufanya: nivae glavu nimpime binti wa watu kwa ndani, njia imefunguka kiasi gani, kichwa kiko wapi, maji yametoka au hayajatoka. Lakini mtu mzima wa rika la mama yangu amekaa pale, mikono magotini, na mimi kijana wa kiume nitaanzaje? Nilimpapasa tumbo. Nikasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwa fetoskopu, kile kijitarumbeta cha mti tunachokiweka tumboni, yalikuwa mazuri. Halafu, badala ya kupima, nikauliza. Nikamgeukia mama mkwe, kwa heshima zote, kwa lugha yetu ya wodini: "Mama, chupa imepasuka?"

Sasa, kila nesi Tanzania hii anajua chupa ni nini. Ni ule mfuko wa maji anaokaa mtoto, na ukipasuka saa zinaanza kuhesabika, kwa sababu mlango ulio wazi hauingizi mtoto tu duniani, unaingiza na wadudu kwake. Lakini wiki ileile chupa ya chai ya mtu ilikuwa imepasukia wodini, vioo vikamkata mtoto mguu, na mfawidhi kabla ya kwenda semina akabandika tangazo na kumweka mlinzi getini amuulize kila anayeingia: una chupa? Ni nzima? Mama Nyandwi alikuwa ameshaulizwa swali hilo robo saa iliyopita. Akasikia mimi nalirudia. Akaweka mkono juu ya kikapu chake, akaniangalia kwa mara ya kwanza, akasema kwa hakika ya mtu asiye na kosa: "Nzima, mwanangu. Chupa ni nzima. Iko sarama kabisa." Nikashukuru. Nikaandika kwenye karatasi ya uchungu: chupa nzima. Nikamwambia Esperansi atembeetembee barazani, mtoto wa kwanza huchukua muda. Binti alinitazama kama anayetaka kusema jambo, akamtazama mama mkwe, akanyamaza. Kule kunyamaza nakukumbuka. Saa ile nilikuona kuwa ni adabu.

Siku ile ilipita kwa namna ambayo hata sasa siielewi. Mvua ilinyesha ikakatika, ikanyesha ikakatika. Esperansi alikuwa anatembea barazani, anashika nguzo, anainama, anaendelea, na kila nilipopita nilimwona yuko nguzo ileile, au nilidhani ni ileile. Wagonjwa walikuwa wengi na nilikuwa nawahudumia kwa kasi, nimefurahi, hakuna aliyekaa benchi kumenya karanga. Mara mbili nikasikiliza tena moyo wa mtoto, nikatosheka haraka. Saa saba nilikula viazi vya jana nimesimama dirishani, natazama ukungu unapanda kutoka mabondeni mchana kweupe, na nakumbuka nilijisemea kwamba maisha haya nitayaweza.

Dafroza alirudi saa nane, sketi imelowa hadi magotini. Hakuingia ofisini. Alikuwa anapita barazani na kasha lake la chanjo, akafika usawa wa Esperansi, akasimama. Nilikuwa namwona kupitia mlangoni. Aliinua pua kidogo, basi, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Akaweka kasha chini. Akamgusa binti shavuni kwa nyuma ya mkono. "Daktari," aliniita, "njoo." Tukamlaza. Alikuwa anaungua. Mama Nyandwi akaja nyuma na kikapu chake, na Dafroza akamuuliza kwa Kirundi, taratibu kabisa: "Amazi yavuye ryari?" Maji yalitoka lini? Mama akajibu neno moja: "Ejo." Nikashusha pumzi, maana neno hilo nilikuwa nalijua, wagonjwa walikuwa wananiaga nalo kila siku. "Anasema kesho," nikamwambia Dafroza. "Bado." Akanigeukia, na uso wake sijausahau, haukuwa na hasira hata chembe. "Ejo ni kesho," akasema. "Na ejo ni jana. Kwao ni neno moja. Maji yametoka jana, Masanja." Akaniita Masanja, mbele ya wagonjwa.

Nikamwonyesha karatasi. Nikasema, lakini mama amesema chupa ni nzima, nilimuuliza, alisema mwenyewe ni nzima. Dafroza akaisoma, akakitazama kile kikapu, na mdomo wa chupa ya chai yenye maua mekundu uliokuwa umechungulia juu ya kanga. Akafumba macho. "Yezu wangu," akasema. Wakati huo mikono yake ilikuwa imeshaanza kazi: dripu, sindano mbili za dawa, binti alazwe kwa ubavu wa kushoto, fetoskopu. Alisikiliza muda mrefu. Moyo wa mtoto ulikuwa unakimbia. Akampima kwa ndani, na mama mkwe hakutolewa chumbani, alipewa tu kazi ya kushika kichwa cha binti na kumfuta jasho. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Njia ilikuwa imefunguka karibu yote. Nikaona mwanga. Nikakimbilia kabatini, nikaleta mashine ya kuvutia mtoto, ile ambayo wilaya nzima ilikuwa inajua kwamba mkononi mwa Dafroza haijawahi kushindwa. "Mama, mvute," nikasema. "Unaweza. Nimekuona ukivuta." Hakuigusa. "Kichwa kiko juu," akasema. "Nikivuta kutoka pale namchana mama na mtoto simpati. Huyu anataka kisu." Nikamsihi. Sikuona haya, nilimsihi kama mtoto anayeomba asipigwe, kwa sababu wakati ule nilikuwa nawaza pia jina langu na ile karatasi. Dafroza alinishika bega. "Kuweza sana ndiko kunakoua watu, Daktari. Nenda kwenye redio ya upepo, uite gari."

Gari la wagonjwa lilikuwa gereji. Tulipata pikapu ya mnunuzi wa maharage, mzee mmoja mpole ambaye alishusha magunia yake kwenye matope bila kuulizwa. Tukatandika godoro nyuma, tukafunika turubai, nikashika dripu, Mama Nyandwi akampakata binti kichwa, Dafroza akapiga magoti pembeni. Safari ile hunijia mpaka leo nikiwa macho. Barabara nyekundu, miti ya miombo imesimama ndani ya ukungu pande zote mbili, hakuna mbele, hakuna nyuma, na sisi katikati tunaelea. Kwa sababu ya mngurumo Dafroza hakuweza kusikia kitu, kwa hiyo akawa anagonga bodi, na mzee anazima injini. Mara ya kwanza gari liliponyamaza nilisikia matone yakidondoka kutoka kwenye majani, na ndege mmoja. Dafroza ameinama, sikio kwenye fetoskopu, macho wazi yanatazama popote. Akainuka. "Twende." Mara ya pili ng'ombe walikuwa wanavuka, mchungaji akavua kofia. Akasikiliza. "Twende." Mara ya tatu tulikuwa tumeshaanza kuona mabati ya kwanza ya Biharamulo mjini. Injini ikazimwa. Akasikiliza upande wa kushoto, akahamisha, akasikiliza kulia, akahamisha tena chini ya kitovu, na akakaa pale muda ambao nilihesabu pumzi zangu hadi nikapotea. Esperansi akamuuliza kitu kwa Kirundi. Dafroza akampangusa paji la uso. "Twende," akasema, kwa sauti ileile, na ni sauti ile kuwa ileile ndiyo iliyonidanganya hadi tukafika.

Hospitali daktari wa zamu alikuwa kijana wa rika langu, amechoka, na alipoishika karatasi yetu akaanza kufoka. "Chupa nzima? Huyu ananuka! Nyie manesi mlikuwa mnasubiri nini tangu asubuhi?" Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika dripu. Mwandiko ulikuwa wangu, sahihi ilikuwa yangu, na mdomo haukufunguka. Dafroza hakujitetea wala hakunielekeza kidole. Alisema maji yametoka jana, homa imeonekana saa nane, dawa hizi zimeingia saa nane na robo, kichwa kiko juu, moyo wa mtoto haujasikika tangu dakika kumi na tano zilizopita, mama bado ana nguvu, tafadhali tuanze. Ndivyo nilivyojua, kwa kusikia akimweleza mwingine. Daktari akampokea mgonjwa. Esperansi alipona. Walisema angechelewa kidogo zaidi, tungewapoteza wote wawili. Mtoto alikuwa wa kiume, mkubwa, mzuri, mwenye nywele.

Siku kadhaa tulikula jioni bila kutaniana. Kibuyu cha mtindi kiliganda hakuna aliyekifungua. Mwishowe nikamuuliza kwa nini hakumwambia yule daktari kwamba ni mimi. "Alikuwa na mtu wa kuokoa," akasema. "Ningemwambia, angeacha kunisikiliza akuangalie wewe." Akachochea makaa. "Na kwani yule ndiye anayedaiwa kuambiwa?" Nilikuwa nimeshaanza kujituliza kwa yale tunayojituliza nayo sisi watu wa kazi hii, kwamba pengine hata ningejua asubuhi isingesaidia, kwamba lugha ndiyo ilituponza, kwamba mlinzi, kwamba tangazo, kwamba mfawidhi na semina zake. Nimekaa kazini miaka mingi tangu hapo, nimefundisha vijana wengi, na ninawaambia kwamba makosa mengi niliyoyaona hayakufanywa na wasiojua. Nilijua kupima. Mikono ilikuwa yangu na glavu zilikuwepo mezani.

Siku ya kumi Esperansi aliletwa kutolewa nyuzi. Dafroza akamwingiza chumba cha vidonda. Mama Nyandwi hakuingia naye. Alikuja moja kwa moja ofisini kwangu, akasimama mlangoni, halafu, jamani, mwanamke yule mrefu akapiga magoti kwenye saruji mbele yangu. Hospitali mtu alikuwa amemweleza chupa ni nini. "Mwanangu," akasema kwa Kiswahili chake kile, na machozi yakamshuka bila uso kukunjika, "mjukuu nimemuua mimi. Uriniuriza, nikasema nzima. Nisamehe. Nirikuharibia kazi." Nilijaribu kumwinua, akawa mzito. Nikainua macho. Dafroza alikuwa ametokea mlangoni, kibano mkononi, amesimama tu. Nilimwomba kwa macho anisaidie, aseme yeye kwa Kirundi, yeye angejua namna ya kulisema likapungua uzito. Akatikisa kichwa. "Kirundi chako kinatosha," akasema.

Kirundi changu kilikuwa maneno kumi. Nikapiga magoti na mimi, ili tulingane. "Si wewe," nikamwambia. "Ni jewe." Si wewe, ni mimi. Hakuamini. Akasema mimi ni daktari. Basi nikaeleza kwa Kiswahili, kipande kwa kipande, na hapo ndipo Dafroza alipotafsiri, bila kunipamba na bila kunikandamiza: kwamba nilitakiwa kumpima mkwewe kwa mikono yangu na sikumpima, kwamba niliona haya kwa sababu yeye alikuwa amekaa pale, kwamba nilitaka kumaliza foleni niitwe daktari, kwamba swali lilikuwa la kizembe na jibu lake lilikuwa sahihi. Aliyekosa kuangalia ni mimi.

Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya bati. Halafu Mama Nyandwi akainuka mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akajifuta uso kwa pindo la kitenge, na akasema maneno machache kwa Kirundi. "Anataka kuona ulipoandika," Dafroza akaniambia. Nikafungua rejista, nikamwonyesha mstari wa Esperansi: jina, umri, tarehe, na mwishoni neno "rufaa". Akaupitisha kidole mstari mzima, hakujua kusoma. "Na mtoto?" akauliza kwa Kiswahili. "Mtoto umemwandika wapi?" Nikamwambia hayupo. Hakuzaliwa kwetu, na kitabu hakina nafasi yake. "Ana jina," akasema. "Nirimchaguria mimi. Nduwimana. Muandike."

Niliandika nje ya mstari wa mwisho, pembeni, herufi moja moja, na yeye aliinama kufuata kalamu mpaka ikasimama.

"Soma," akasema.

"Nduwimana."

"Tena."

Nikasoma tena.